Pedi za Kushona: Kitambaa Kipi Kitakauka Masika?

Mwanamke anayetaka kujishonea pedi za kufua akifika Kariakoo au sokoni Tandika, swali lake la kwanza kwa muuzaji huwa ni kama kitambaa kinanyonya. Muuzaji atamjibu kinanyonya, maana hajazaliwa muuzaji wa kusema hakinyonyi. Atafunuliwa taulo nene, ataambiwa alishike alisikie lilivyojaa, atalipa na kurudi Mbagala ameridhika. Mwezi wa nne ndipo atakapojua alichokisahau. Taulo lile linanyonya kweli, ila likishanyonya halikauki.

Maelekezo mengi ya kushona pedi yanayozunguka kwenye simu yameandikwa na watu wenye mashine ya kukaushia nguo, au walau wenye bafu lao na kamba yao. Yanapanga vitambaa kwa uwezo wa kunyonya, cha kwanza hadi cha mwisho, basi. Huku kwetu Dar es Salaam mambo ni mengine. Sensa ya 2022 iliikuta Temeke na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328, na wengi wao ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili: uani ni wa wote, kamba ni ya wote, choo ni cha wote, maji ni ya ndoo. Katika nyumba ya namna hiyo kitambaa cha pedi kinapimwa kwa maji kinayokula, saa kinazotumia kukauka, na kama mwenyewe atathubutu kukianika mbele ya watu. Kunyonya kunafuata baada ya hayo.

Tena kunyonya kwenyewe si mtihani mgumu kama tunavyodhani. Mwanamke wa kawaida hupoteza damu ya mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima. Madaktari huihesabu kuwa nyingi inapopita mililita 80. Hata ukijumlisha ute na majimaji mengine yanayotoka nayo, kwa wengi kinachotoka siku zote hizo kingeenea kwenye vikombe viwili vya kahawa ya mtaani. Pedi moja inayovaliwa saa nne au tano inapokea sehemu ndogo tu ya hicho. Wengi wanaoshona nyumbani hushona pedi nene kuliko inavyohitajika, kwa hofu ya kuchafuka hadharani, halafu unene ule ule unawatesa kwenye kamba.

Piga hesabu. Tuseme anabadilisha mara nne kwa siku. Pedi zikifuliwa jioni na kuwa kavu kesho yake jioni, pedi nane zinamvusha hedhi nzima. Zikihitaji siku tatu kukauka, atahitaji kumi na sita, yaani kitambaa mara mbili, uzi mara mbili, na ufundi mara mbili. Asipokuwa nazo atavaa mbichi. Kuvaa mbichi ndiko kunakoleta shida. Utafiti mmoja wa jimbo la Odisha, India, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMC Infectious Diseases, ulikuta fangasi wa kandida zaidi kwa wanawake waliotumia vitambaa vya kufua kuliko kwa waliotumia pedi za kutupa. Anayeusoma haraka atahukumu kwamba vitambaa ni hatari. Lakini miongoni mwa wale wenye vitambaa, fangasi iliandamana na tabia mbili: kuvianika ndani ya nyumba na kuvificha chooni. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kisa na mkasa, ila unaonyesha pa kutazama, nako ni kwenye kamba.

Sasa tuingie kwenye vitambaa, tuanzie katikati ya pedi, kwenye tabaka la kunyonya, kwa kuwa ndilo linaloamua kila kitu.

Pamba haina mpinzani hapa. Ikiachwa hewani tu, katika unyevu wa kawaida, hushika maji ya takriban asilimia 8.5 ya uzito wake. Polista haifikishi hata nusu asilimia. Pamba iliyolowa pia huwa imara zaidi kuliko kavu, hivyo inavumilia kufikichwa, wakati rayoni laini laini za magauni hupoteza nguvu nyingi zikilowa na kuchanika mapema. Lakini pamba zipo za namna nyingi, na ya bei kubwa si lazima iwe ndiyo bora kwa kazi hii.

Kanga ya pamba iliyochakaa inastahili kutajwa mwanzo. Wanawake wa Pwani waliikata vipande na kuikunja tangu zamani, na somo alipomfundisha mwali kujitunza alimfundisha na namna ya kuikunja na kuifua. Huwa tunasema walifanya hivyo kwa umaskini. Ukiitazama kwa jicho la fundi, walikuwa wamechagua sawasawa. Kanga iliyofuliwa miaka miwili mitatu imekwisha kutoa wanga wote wa kiwandani, nyuzi zimelegea, na inanyonya mara inapoguswa. Ni nyembamba. Ukiikunja mara sita inakuwa pedi. Ukiikunjua inakuwa kitambaa chepesi ambacho jua la saa saba linakimaliza kabla ya alasiri. Kanga mpya ni habari nyingine: dondoshea tone la maji juu yake, litasimama kama lilivyo. Ioshwe kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu kabla ya kukatwa, kwanza ili itoe wanga, pili kwa sababu pamba hunywea, na pedi iliyoshonwa kabla kitambaa hakijanywea hujipinda ikifuliwa.

Flaneli, ile pamba yenye manyoya mafupi upande mmoja ambayo mama wajawazito huinunua kwa ajili ya mtoto, inaifuata kanga kwa karibu, na pengine inaizidi kwa ulaini. Tabaka mbili za flaneli za mraba wa sentimita 24, zikikunjwa mara tatu, zinakupa pedi ya sentimita 24 kwa 8 yenye tabaka sita. Kwenye kamba zinabaki mbili. Ubunifu huu una kisa chake. Shirika la Days for Girls lilianza mwaka 2008 baada ya mwanzilishi wake, Celeste Mergens wa Marekani, kufanya kazi na kituo cha yatima Kenya. Walianza na pedi za kutupa, wakagundua hapakuwa na pa kuzitupa, wakahamia kwenye za kufua. Za kwanza zilifanana na pedi, na wasichana waliona haya kuzianika. Ndipo wakaja na kitambaa cha kukunja kinachofanana na cha kunawia uso, chenye maua na rangi za kukoza, ambacho mtu akikiona kwenye kamba hana la kuuliza. Kwa uani wa nyumba ya kupanga Manzese au Keko sijaona umbo linalofaa kuliko hilo.

Taulo je? Taulo lina vitanzi vya uzi vinavyoshika maji mengi, na ndiyo sababu linapendwa. Litumike, lakini lililochakaa, tabaka moja, likiwa limefungwa kati ya vipande viwili vya kanga au fulana. Taulo jipya lililokunjwa mara mbili na kushonewa ndani moja kwa moja, bila mlango wa kulitoa, ni pedi ya watu wa jua la mwaka mzima. Masika yakiingia Machi, hewa yenyewe imeshiba maji, na katikati ya pedi ile pakibaki na unyevu kwa siku mbili panaanza kunuka uvundo ambao sabuni haiuondoi.

Fulana za mtumba za pamba ni nzuri na rahisi kupatikana, Manzese na Karume zimejaa. Kasoro yake ni kwamba zinavutika na kujikunja kingo, kwa hiyo zikatwe kwa mkasi mkali na zishonwe bila kuvutwa. Mashuka ya pamba yanafaa. Kaniki inafaa, na weusi wake unaficha doa, ila iloekwe na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe, la sivyo itapaka rangi nguo zote za ndani.

Vya kukataa ni vingi na nitavipitia haraka. Tetroni ya mashati ya shule ina polista nyingi kuliko pamba, maji yanateleza. Vile vitambaa vya manyoya ya plastiki vya kufutia magari hunyonya kwa fujo, kisha ukikaa vinakamuliwa na kuachia vyote. Sponji ya godoro haisuuziki ikaisha. Pamba ya dukani ya dawa huvurugika ikawa vidonge baada ya kufuliwa mara moja. Na sufi ya mito, ambayo wapo wanaoishauri kwa kuwa ni laini na inatoka mtini, ina nta ya asili inayokimbiza maji. Zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Kujaza sufi kwenye pedi ni sawa na kuziba mfereji.

Tatizo ni kujua unachouziwa. Vitenge vingi vya bei poa siku hizi ni polista iliyochapwa kwa ustadi, na muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa akikuambia, “Hii pamba tupu, dada,” kwa kuwa naye ndivyo alivyoambiwa. Kuna kipimo kisicho na gharama. Chomoa nyuzi chache za ukingoni, zisokote pamoja, zishike kwa kibanio cha nyusi juu ya sahani ya bati, uziwashe kwa kiberiti. Pamba hushika moto mara moja, huwaka kwa mwali wa njano kama karatasi, ikizimwa huendelea kufuka kidogo, inaacha jivu la kijivu linalopukutika ukiligusa, na harufu ni ya karatasi iliyoungua. Polista hujikunyata na kuukimbia moto kabla haijawaka, huyeyuka, hutoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki tamu tamu, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi ambayo kucha haiivunji. Usiiguse kabla haijapoa. Kitambaa mchanganyiko kinakupa vyote viwili, jivu lenye punje ndani. Wauzaji wengi watakukatia uzi ukiwaomba kwa upole. Anayekataa katakata amekwisha kukujibu.

Tabaka la juu, linalogusa mwili, lina mjadala mmoja tu. Wapo wanaopenda polista laini ya manyoya kwa sababu haibaki na maji: inayapitisha chini na yenyewe inabaki kama kavu. Hoja ni ya kweli, na watengenezaji kadhaa wanaifuata. Kwa Dar es Salaam mimi nabaki na pamba. Joto la Desemba hadi Februari, daladala iliyojaa, kutembea kwa miguu kutoka kituoni, vyote vinatoa jasho, na polista haipokei jasho. Afadhali ule ubichi kidogo wa pamba kuliko vipele mapajani. Mwenye ngozi isiyolalamika anaweza kuamua vingine.

Chini, kwenye kinga ya kuzuia kuvuja, ndiko kwenye vituko. Miaka mingi kinga ya watu wengi ilikuwa kipande cha mfuko wa rambo, kimeshonewa katikati ya vitambaa viwili. Kilizuia damu, kikazuia na hewa, kikapiga kelele kila ukitembea, na kikapasuka kwenye tundu za sindano. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, malighafi hiyo nayo ikaondoka mitaani, na sioni wa kuililia. Mifuko mbadala iliyoichukulia nafasi isimdanganye mtu. Inafanana na kitambaa na maji yaliyomwagiwa juu yake yanatiririka, lakini ukiyakalia yanapita.

Kitambaa kilichobuniwa hasa kwa kazi hii ni polista nyembamba iliyogandishwa utando wa poliurethani upande mmoja, ile inayotumika kwenye nepi za kisasa za kufua. Haipitishi maji, inapitisha mvuke kidogo, haipigi kelele. Dar si rahisi kuikuta ikiuzwa kwa mita kama poplini. Wengi huipata kwa kukata shuka za kuzuia mkojo za watoto. Haipendi maji yanayochemka mara kwa mara, haipendi dawa ya kuondoa madoa, na pasi ya moto inaimaliza. Mwavuli uliovunjika ni mbadala mzuri kuliko unavyodhaniwa, na baada ya masika miavuli iliyovunjika haitafutwi. Ni nailoni au polista iliyofumwa kwa kubana. Dawa yake ya kuzuia maji hufifia kadiri inavyofuliwa, kwa hiyo weka tabaka mbili na utegemee kuibadilisha. Halafu yapo masweta ya manyoya ya polista kwenye mabelo ya mtumba, yaliyotoka nchi za theluji na kukosa mnunuzi hapa isipokuwa msafiri wa Njombe. Kwa bei ya kutupa unapata kitambaa kinachochelewesha damu kupita kwa saa kadhaa, kinachopumua, na kinachokauka upesi sana. Kwa mwenye hedhi ya kawaida anayeweza kubadilisha kwa wakati, ningemshauri hilo kabla ya plastiki yoyote.

Muhimu kuliko aina ya kinga ni kuitenga na kinachonyonya. Pamba inataka maji moto, jua kali na pasi; kinga haivitaki. Ukizishona pamoja kama sandwichi umezilazimisha zote mbili kuishi maisha ya ile dhaifu. Shona kibebeo chenye mbawa na kifungo cha kubana, weka kinga humo, acha midomo miwili kwenye ncha, na kitambaa cha kukunja kichomekwe humo. Faida kubwa inaonekana mvua ikinyesha wiki nzima: kitambaa kilichokunjuliwa kinaweza kumaliziwa kwa pasi, hata ya mkaa, mpaka kikauke kabisa na kupata joto la kuua vijidudu, jambo ambalo pedi iliyoshonwa na nailoni ndani haiwezekani kufanyiwa.

Katika kushona, kila tundu la sindano kwenye kinga ni mlango. Mafundi wenye cherehani zao za Butterfly wamezoea kupita mshono katikati ili tabaka zisihame, na kwa mto wa kiti ni sawa. Kwenye pedi mshono wa katikati unachora mstari wa kuvuja. Mshono uwe pembezoni tu, sindano nyembamba, uzi wa polista badala ya wa pamba, kwa kuwa uzi wa pamba huvuta unyevu kupitia tundu lake. Vitambaa vishikwe kwa vibanio vya nguo badala ya pini. Kitambaa cha kukunja kinatosha kupigwa ovaloki ukingoni.

Maji yenyewe yanaingia kwenye uchaguzi, ingawa maelekezo ya mitandaoni hayayataji. Sehemu nyingi za pembezoni, hasa upande wa Temeke, watu hutumia maji ya visima, na mengine yana chumvi. Maji ya namna hiyo yakikutana na sabuni ya mche hayatoi povu. Yanatengeneza utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Taulo hukakamaa kama gunia na kunyonya kwake kunapungua mwezi hadi mwezi, na mabaki hayo yanawasha ngozi. Kitambaa chembamba husuuzika, taulo nene halisuuziki. Mwenye maji ya kisima aloeke kwa maji baridi kwanza, kwa sababu ya moto hugandisha damu kwenye uzi, afue kwa sabuni ya unga, asuuze maji ya mwisho yenye limau kidogo au, kama yapo, ya mvua au ya bomba la DAWASA. Dawa za kulainishia nguo aziache. Zinavika nyuzi mafuta na kuzinyima kazi.

Kuhusu mtumba kuna swali la haki. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, haliruhusu nguo za ndani za mtumba kuingizwa nchini, kwa sababu za afya. Je, fulana ya mtumba iliyokatwa ikawekwa mahali pale pale ni salama? Nadhani jibu liko kwenye chungu. Fulana ya pamba inachemshwa dakika nyingi upendavyo na haidhuriki. Chupi yenye mpira na lesi haiwezi. Mtumba wa pamba uchemshwe kabla ya kukatwa, na usiochemshika usitumike.

Gharama ndiyo inayowarudisha wengi kwenye sindano. Bajeti ya 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, ya 2019 ikairudisha, hoja ya serikali ikiwa kwamba bei madukani haikushuka. Wapo Watanzania walioigeuza pedi ya kufua kuwa biashara kamili, kama Jennifer Shigoli na pedi zake za Elea. Anayetaka kuuza zake ajue kwamba TBS itamtaka akidhi viwango. Anayeshona za binti zake wawili hana anayemkagua ila wao wenyewe.

Wapo ambao ushauri huu wa wembamba hauwafai kama ulivyo. Mama aliyejifungua karibuni anahitaji unene. Anayelowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo anahitaji daktari, hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, kabla ya kitambaa chochote. Na yupo mwanafunzi wa Chamazi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri, shuleni kwao choo hakina maji wala komeo. Huyo habadilishi kila saa nne hata akiwa na pedi ishirini. Kwake ongeza kitambaa cha pili juu ya cha kwanza kwenye kibebeo hicho hicho, vyote viwili vya kukunjuliwa, na umshonee kifuko cha nailoni ya mwavuli chenye zipu, apate mahali pa kuweka iliyotumika mpaka afike kwenye ndoo.